Milio Iliyochujwa

Kazini walimwita Wastani, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuchambua sauti zilizonaswa na vyombo vilivyozamishwa ziwani, katika jaribio la kupima mvumo wa maji. Mlio wowote uliochomoza kupita kiasi aliuita takataka. Programu aliyoiunda mwenyewe iliufuta kabla ya hesabu. Wenzake walimtania kwamba hata wanawe wakipiga kelele atawafuta. Alicheka nao.

Halafu meli ya kuchimba mchanga ikapinduka ziwani humo, fundi mitambo akiwa ndani. Fundi mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Mkuu wa waokoaji akampigia simu: je, vyombo vyake vimesikia mtu akigonga chuma? Wastani akapiga hesabu harakaharaka, akarudia. Mvumo ulikuwa shwari. "Hakuna kitu," akasema. Jioni ile ile maboti yakarudi nchi kavu, na familia haikuambiwa ni kwa neno la nani. Wazamiaji walimtoa kesho yake, maiti.

Baada ya maziko, bosi alitaka mchoro wa ripoti. Wastani akafungua rekodi ghafi, ile isiyochujwa. Lahaula! Kwa kiwewe cha siku ile, alikuwa amepigia hesabu faili lililokwisha safishwa. Kumbe milio ilikuwepo: ngo, ngo, ngo, kimya, kisha tena ngo, ngo, ngo. Samaki gani hugonga hivyo jamani? Iliendelea hata maboti yalipokwisha ondoka, ikififia, mpaka ikakoma.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta sakafuni anakunja mashati ya marehemu.

"Dada, afadhali umekuja. Wote wananiambia alikufa papo hapo. Wewe unazo sauti za ziwa huko kazini. Hakuteseka, sivyo?"

"Hakuteseka" ilikuwa imeshamfika mdomoni. Nani angejua? Alijionea aibu kwa kuitamani.

"Aligonga, mdogo wangu."

Shati likamponyoka. "Mpaka lini?"

"Mpaka alfajiri."

"Na waokoaji walikuwa wapi?"

"Walikuwa wamekwisha rudi."

"Walirudije, mtu bado anagonga?" Sauti ilimpanda. "Mwehu gani aliwaambia waondoke?"

Wastani alipiga magoti, akamshika mikono.

"Ni mimi," akasema, na mdogo wake akaichomoa mikono yake.