Kuku wa Sellah

Uhuru ulikuwa umekwisha kuchezewa ngoma, bendera ya mkoloni imekunjwa na kupelekwa kwao, na watu wa kijiji kile cha juu ya bonde, upande wa Iguhu, walikuwa bado wanangoja kuona ni nini kilichobadilika. Kusema haki, kimoja kilibadilika. Walipata kituo cha maziwa. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati ambacho wanawake walikijenga kwa mawe waliyoyabeba kichwani kutoka mtoni, na serikali ikakiletea magunia ya maziwa ya unga. Kila asubuhi nesi Jelagat alikoroga maziwa katika sufuria kubwa, na watoto waliovimba miguu, wenye nywele zilizogeuka rangi ya kutu, wakaja na vikombe vyao.

Sellah, binti wa Ayuma, alikuwa mmoja wao. Baba yake, mumewe Ayuma, alikuwa Kericho akichuma majani chai katika mashamba ya wazungu walewale. Huko uhuru ulikuwa haujafika. Siku Sellah alipoletwa kituoni mara ya kwanza alikuwa halii wala hacheki. Ukimweka hapa, anakaa hapa, kama mzigo. Maziwa yalipoanza kumwingia, akaanza kulia. Majirani walilalamika kwamba mtoto yule ana kelele, lakini Ayuma alikuwa akikisikiliza kilio kile kama mtu anayesikiliza wimbo wa harusi yake.

"Mpe na yai," nesi alimwambia. "Asikose yai."

Hapo pakawa na shida. Ayuma aliishi na mama mkwe wake, Jescah, na katika boma la Jescah mwanamke hakula yai wala kuku. Kuku, ingokho, ni wa mgeni na wa mwanamume. Firigisi yake, ile wanayoiita imondo, hailiwi ila na mwenye heshima. Jescah mwenyewe alikuwa amewapikia wageni kuku maisha yake yote bila kulamba hata mchuzi kidoleni. Kwa hiyo Ayuma alipomchemshia Sellah yai la yule kuku mmoja waliyekuwa naye, kuku mwekundu mwenye shingo tupu, alijua anatafuta maneno. Jescah alitazama sufuria, akamtazama mjukuu wake, kisha akageukia ukuta. Tangu siku hiyo, kila yai lilipotiwa motoni, Jescah alikuwa na kitu cha kutazama ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Basi ikaja habari kwamba kuna mkaguzi anakuja kutoka wizarani.

Aliyeileta ni Hezekiah Shitanda, mwenyekiti wa kituo. Enzi za mkoloni Shitanda alikuwa mtu wa mkono wa chifu, akiwaonyesha askari nyumba za waliokataa kulima barabara. Uhuru ulipokaribia alinunua kofia ya chama, akaivaa, na dhambi zake zote zikabaki chini ya kofia. Sasa alikuwa mheshimiwa. Chai ya nyumbani kwake ilikuwa nyeupe mwaka mzima, na hakuna aliyemwona akikamua ng'ombe.

"Sikilizeni, akina mama," alisema pale kituoni. "Mkaguzi anakuja kuona kama maziwa ya serikali yanafanya kazi. Akikuta uchafu, amefunga. Akikuta watoto wamevimba, atasema maziwa tunauza. Mnataka aseme hivyo?"

"Si wewe ndiye unajua kama yanauzwa?" Ayuma akamjibu.

Wanawake wakaangua kicheko. Shitanda hakucheka.

"Ayuma, mdomo wako utakuuza wewe. Nasema hivi: watoto wabaya wafichwe. Nyumba zifagiliwe. Mgeni ataingia kwako, maana ndiyo iliyo karibu na barabara."

"Na Sellah?"

"Nimesema watoto wabaya wafichwe."

"Kwani atakuja kukagua nini, kama wagonjwa tumewaficha?"

"Wewe hukumbuki DC alipokuja hapa?" Shitanda akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikumbuka. DC, yule mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja, mama aliyekutwa na mtoto mwenye funza alitolewa mbele ya watu, na mumewe akachapwa viboko. Mtu mwenye kofia ya serikali hujawahi kumwonyesha kidonda akakipaka dawa. Kwa kidonda hicho unachapwa. Hilo ndilo somo walilofundishwa vizuri kuliko yote, na bendera mpya haikuwa imelifuta.

Ayuma alirudi nyumbani amenuna. Akasema moyoni: nitamwonyesha mtoto, liwe liwalo. Halafu akafikiri, na kama kituo kitafungwa kwa ajili yangu? Kituo kikifungwa, Sellah atarudi kuwa mzigo. Mawazo hayo yalimzunguka hadi siku yenyewe, bila kuamua.

Asubuhi hiyo Shitanda alimtuma nesi Jelagat mjini Kakamega, eti akachukue dawa. Watoto waliovimba walikusanywa katika jiko la Jescah, nyuma ya nyumba, na mlango ukaegemezwa gogo. Kisha mke wa Shitanda akaja na mjukuu wake, mtoto mnono mashavu kama maandazi, akamweka mapajani kwa Ayuma.

"Huyu ndiye wako leo," akasema. "Usimbane, analianga."

Jescah naye alikuwa nje, akimfukuza kuku mwekundu.

"Mama, huyo hapana!" Ayuma akapiga kelele. "Mama, huyo ni wa Sellah!"

"Mgeni ataingia kwangu atoke hivihivi?" Jescah akasema, ameshamshika kuku miguu. "Baba yangu aliwachinjia hata wazungu waliokuja kuchimba dhahabu."

"Na wakafanya nini?"

Jescah akakaza mkono kwenye miguu ya kuku. Alikuwa msichana wakati ule. Wazungu walikuja na makoleo na sufuria zao, wakakaribishwa, wakala, wakajifuta ndevu. Baadaye wakarudi na vigingi vya kujipimia ardhi, wakavipigilia katikati ya mtama wa baba yake. Hakuwa amesahau hata kigingi kimoja.

"Wao walifanya yao," akasema. "Baba alifanya ya kwake." Akampelekea Shitanda kuku amchinje.

Mkaguzi aliteremka kwenye Landrover. Cornelius Khisa, kijana wa suti, mtu wa upande wa Bungoma, ametoka kusoma Ulaya. Hakuwa mtu mbaya. Aliinama mlangoni, akasalimu "Mulembe, mama" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa katika nyumba kama ile, akakaa, akaulizia hali ya watoto kwa upole. Wakaweka obusuma, ugali wa kwao, mbele yake, na kuku, na imondo juu ya kuku. Akala. Kisha akafungua kalamu.

"Mtoto anakunywa maziwa kituoni?"

"Anakunywa," akajibu Ayuma, mtoto wa watu mapajani.

"Naona. Amependeza sana. Na nyumbani mnakula nini?"

Nani atamwambia mgeni, mgeni mwenyewe bado ana mafuta ya kuku wako midomoni, kwamba kwako hakuna chakula? Mwanamke wa Kakamega hawezi kutamka hivyo. Kusema njaa mbele ya mgeni ni kumvua mumeo nguo sokoni.

"Tunakulanga vizuri, bwana," Jescah akajibu kwa niaba ya nyumba.

"Jana usiku mlikula?"

"Tulikula. Tulishiba."

Khisa akaandika. Ndipo kilio kikatoka nyuma ya nyumba, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni. Ayuma alikijua kabla hakijamaliza kutoka.

"Ni mtoto wa nani huyo?" Khisa akauliza, ameinua kichwa.

Shitanda akatabasamu. "Wa jirani, bwana mkubwa. Mama yake ameenda sokoni. Anamdekea."

Khisa akamtazama Ayuma. Ayuma akaangalia chini, akamtengeneza mtoto mnono kola. Sellah akalia tena. Mgeni akafunga kalamu, akashukuru kwa kuku, akaondoka. Kutoka alipokaa hadi jiko la Jescah palikuwa na mwendo wa kwenda kutema mate. Hakwenda.

Majibu yalikuja kwa lori. Halikuleta kitu, lilikuja kuchukua. Wapakizi walibeba magunia ya maziwa yaliyobaki, na sufuria kubwa juu yake. Nesi Jelagat, ambaye naye alikuwa akihamishwa, ndiye aliyewaeleza wanawake, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa hasira.

"Mmefaulu," akasema. "Hamkujua? Kituo kinachofaulu ndicho kinachofungwa. Kilichoshindwa ndicho kinachoongezewa. Mkaguzi amesema watu wa hapa wanajitosheleza, wanakula hadi nyama ya kuku."

"Nani alijua hivyo?" Ayuma akauliza. "Wewe ulijua?"

"Nimeambiwa jana. Mimi natumwa tu, dada."

Shitanda alipewa barua ya pongezi, akaitia fremu. Chumba cha mabati kikawa ghala la mahindi yake.

Kuku hakuna, maziwa hakuna. Sellah aliacha kulia. Majirani wakasema afadhali, sasa watu watalala. Ayuma alipouona ukimya ule umerudi, alimfunga mtoto mgongoni siku ya Jumapili, akashuka barabara ya Kakamega kwa miguu, akauliza njia mpaka Amalemba, kwenye nyumba mpya za watumishi wa serikali, alikosikia mkaguzi anakaa.

Mke wa Khisa, Risper, alimfungulia mlango. Mwanamke mwema, mwenye aproni safi. Hakuuliza wewe ni nani. Alimwona mwanamke ana mtoto mgongoni na vumbi magotini, akamvuta kiti cha mezani. Jumapili ile meza ilikuwa imekwisha kuandaliwa: wali, na kuku katika bakuli. Risper akamwita mumewe aliyekuwa chumbani, kisha akauliza kama wanavyouliza wote:

"Mmekula, mama?"

Jibu lilipanda lenyewe hadi kooni kwa Ayuma, jibu la mama yake na la bibi yake. Akalimeza.

"Hatujala," akasema. "Jana hatukula. Juzi pia."

Risper alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. Hakuwa amewahi kusikia mgeni akisema hivyo. Wakati huohuo Khisa akatoka chumbani, akasimama.

"Mimi nakujua wewe," akasema polepole. "Mama wa Iguhu."

"Ulikula kwangu." Ayuma alimfungua Sellah mgongoni, akamweka juu ya magoti, miguu yake imejaa na kung'aa. "Huyu ndiye mtoto wa jirani."

Khisa alitazama. Rangi ilimwondoka usoni, hilo tumpe. Lakini kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha wizarani.

"Lakini mama, nilikuuliza. Kwa nini hukusema? Ungesema tu!"

"Kwenu nyumbani, mgeni akimuuliza mama yako, mmekula, alijibunga nini?"

Khisa akageuza macho kwenye bakuli la kuku.

"Nakuuliza mimi sasa. Alijibunga nini?"

"Alisema tumekula."

"Na mlikuwa mmekula?"

Risper alimtazama mumewe. Khisa akavuta kiti, akakaa, akashika kichwa.

"Nitaandika upya," akasema. "Nitaeleza."

"Lini?"

"Ukaguzi wa pili ni mwaka kesho. Kuna utaratibu, mama. Maziwa yameshapelekwa Lugari. Lakini huyu nitampeleka hospitali mwenyewe, leo hii, kwa gari langu. Huyu tumsaidie kwanza."

"Utampeleka. Na wale wengine tuliowafungia jikoni?"

Hakungoja jibu. Juu ya bakuli, mahali pake pa heshima, imondo ilikuwa imewekewa mwenye nyumba. Ayuma alinyoosha mkono, akaichukua. Risper akashika mdomo. Ayuma aliitafuna, yeye aliyekuwa hajawahi kuonja kuku tangu azaliwe, aliitafuna mpaka ikalainika, akaitoa kwa vidole, akaitia katika kinywa cha binti yake, kidogo kidogo. Sellah alikaa nayo mdomoni. Kisha koo likacheza.

"Ile ya kuku wake uliila wewe," Ayuma akamwambia Khisa bila kumtazama. "Hii ni yake. Chukua kalamu uandike."