Kimya cha Karne Nne

…wewe mtoto wa nani, ananiuliza tena, na wembe uko shavuni mwake, upande mmoja umeshanyolewa na mwingine bado una povu, nimemshika kidevu kwa vidole viwili asitikisike, wewe mtoto wa nani, binti, anauliza kwa adabu zote za watu wa milimani, maana kwetu humuulizi mgeni jina lake kwanza, jina litakusaidia nini, unamuuliza ni wa nani, akishamtaja baba yake umeshamjua yeye na ukoo wake na mbwa wao, na mimi simjibu, nasubiri, tafadhali baba, mara hii tu, niangalie vizuri, mimi ni Drane, nimekaa nawe nyumba hii hii tangu mama afe, sema Drane, ni neno fupi… kule roshani mdogo wangu Ndoc anaongea na simu, sikiliza, anasema, chumba cha nyumba ya wazee kina dirisha, ndiyo, manesi wana heshima, Tirana si mbali, tutakuwa tunamtembelea, naye anaishi Milano, atamtembelea lini, Krismasi na Pasaka, lakini asubuhi kwenye chai ndiye aliyesema dada, tusigombane, wewe umechoka na mimi naona, akikutambua leo, akikuita kwa jina lako, basi anabaki hapa na sitalitaja jambo hili tena, asipokutambua, atajuaje kama anayemnyoa ni wewe au ni nesi, na mimi nikakubali, mjinga mimi, nikajiona hodari, nikasema sawa, atanitambua, na gari liko hapo chini limeegeshwa mbele ya duka la mikate, kaligeuza kabisa, linatazama barabara ya Tirana…

jana nilimjibu, nilisema mimi wa Pashk, jina lake mwenyewe, na uso wake wote ukafunguka, aa, Pashk! namjua sana Pashk, si yule mchimba makaburi ya kale wa kule Koman, mtu mwema lakini mbishi, ukifika nyumbani mpe salamu zangu, nikamwambia zimefika, nikaenda jikoni nikalia mpaka kahawa ikachemka ikamwagikia jiko… mbishi ndiyo, alibishana na dunia nzima, alipiga magoti miaka na miaka juu ya kile kilima cha mto Drini na brashi yake, akitafuta ni akina nani waliotuzaa, na wakati ule Chama kilichotawala kilikuwa na jibu kabla koleo halijagusa udongo, sisi ni Wailiria, tumekuwa hapa tangu mwanzo, hatujatoka popote, andika, nao wenzake waliandika kwa hofu, yeye aliandika kwa kuwa aliamini kwa moyo wake wote, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake mbaya, maana Chama kilipoanguka wenye hofu walisamehewa na yeye aliyeamini akaitwa kasuku, wanafunzi wake mwenyewe walimpita barabarani wakiangalia viatu… na mimi nilikuwa mdogo alipofungua kaburi la mwanamke mmoja wa kale, ana shanga za kioo za buluu shingoni na hereni kubwa, baba akapuliza vumbi polepole kama anapuliza uji wa mtoto, akaniita, Drane, njoo umsalimie bibi yako, nikasema umejuaje kama ni bibi yetu, akanitazama kama nimeuliza umejuaje kama jua ni la moto, sasa nani mwingine angelala hapa, akasema, na nikamsalimia yule wa mifupa mitupu, shikamoo bibi, wafanyakazi wakacheka…

usitikisike baba, nakaribia mdomo… kisha nikasomea lugha chuoni, nikarudi na maneno yangu, mezani kila Jumapili, mama anapakua pilipili hoho zilizojazwa na sisi tunarushiana watu waliokufa, baba, shanga hazisemi lugha, mtu yeyote anaweza kuvaa shanga, naye papo hapo, na maneno yako, binti, nayo hayana mifupa, nikamwambia tazama, samaki wa baharini na vyombo vya baharini karibu vyote tumeviita kwa maneno ya kuazima, mtu aliyekaa pwani tangu mwanzo ataazimaje jina la samaki wake, na tazama tulivyoshirikiana na Waromania maneno ya ufugaji, labda wazee wetu walichunga kondoo bara huko, pamoja na wazee wao, wakashuka baadaye, akaweka uma chini, unasikia, mama Drane, binti yetu anatuhamisha! anatupeleka ng'ambo ya mto Danubi, na hata mkate wa njiani hajatufungia! mama akacheka hadi akajifuta macho, na baba naye, lakini alipoacha kucheka aliniuliza taratibu, na zile karne nne je, utaweka nini humo… zile karne nne ambazo hakuna aliyetuandika, Wailiria wanatajwa, wanatajwa, halafu kimya, halafu mbele huko, ghafla, Waarbëri, ndio sisi, hawa hapa, wametoka wapi, nani anajua, na mimi nikajibu kwa kiburi cha digrii, sitaweka kitu, baba, pasipo na ushahidi unaacha wazi, huo ndio uungwana, akasema utaachaje wazi, kuna watu mle ndani…

kuna watu mle ndani, akasema, na sasa nayatazama macho yake, yaleyale ya kijivu, na mle ndani yuko nani, mimi wa miaka sita nimo mle au simo, mama yuko mle, meza ya Jumapili iko mle au imekwisha, watu hawawi hewa kwa sababu hakuna aliyewataja, walikuwa wanazaa, wanakamua, wanagombana kwa lugha ambayo ndiyo hii ninayomwambia nayo usitikisike, hata kama walitoka huku, hata kama walitoka kule, hata kama walitoka kidogo kidogo kila mahali, na mimi ni binti yake hata kama jina langu halimo tena kinywani mwake, lakini hili nitamwambiaje Ndoc, Ndoc anataka ushahidi, nami mwenyewe nilikuwa naudai kwa kila mtu… baba, nanong'ona, mimi ni nani, naye ananifikiria kwa bidii, maskini, paji la uso limejikunja, anataka kunifurahisha, unafanana na watu fulani, anasema, unafanana, na anachoka, anayafumba macho…

Dada, Ndoc anaita kutoka roshani, vipi, amekutambua, na simu yake bado inaongea peke yake mkononi, na najua la kusema, nimelisema maisha yangu yote darasani, hatujui, haijathibitika, tuache wazi, linafika ulimini na halitoki, ndiyo, nasema, amenitambua, Ndoc yuko mlangoni, kweli, amesema nini, amesema Drane, nasema, wazi kabisa, ameniambia Drane, mkono wako una baridi, naye Ndoc, mwanaume mzima mwenye mvi, anajiinamia pale mlangoni na kulia kwa furaha, anaiambia simu basi, basi, achana na chumba, baba amemtambua dada, na sasa nakuelewa, baba, Mungu wangu, sasa ndiyo nakuelewa, haukuwa ukasuku ule, uliwaona watu mle ndani… nasuuza wembe kwenye beseni, namgeuza uso taratibu upande wenye povu, naye ananiachia uso wake kama anavyomwachia kinyozi yeyote, na mimi ushahidi sina.