Ukuta Uliouma Wakati wa Habari

Nzembi na mumewe Mutuku walihama Sarang'ombe, Kibera, ile Januari ya vurugu za uchaguzi, matairi yakiungua barabarani na kila mtu akimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Walipata chumba cha mabati huko Kabiro, Kawangware, ndani kimebandikwa boksi ili kuzuia baridi. Sehemu ya mlangoni pekee ndiyo iliyoachwa mabati matupu. Nzembi alimshukuru Mungu kwa chumba kile, na shukrani zikadumu hadi jioni moja alipokuwa akipiga deki miguu mitupu. Aliegemea pale mlangoni, na ukuta ukamng'ata.

"Uui! Baba Wanza, ukuta umeniuma!"

Mutuku, ambaye alikuwa seremala, akaja akaupapasa ukuta kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Ukuta haukumfanya kitu.

"Mama Wanza, hofu ya Kibera imekufuata mpaka huku. Tangu lini ukuta ukawa na meno?"

Meno ulikuwa nayo, tena ya ubaguzi. Ulimuma Nzembi, ukamuma na binti yao Wanza, lakini Mutuku haukumgusa. Tena mchana kutwa ulikuwa mpole. Ulianza kuuma jioni tu, Simeon wa chumba cha pili alipofungulia televisheni kusikiliza habari.

"Kumbe nao unafuata siasa," Mutuku akacheka.

Nzembi hakucheka. Alimwita Mama Immaculate, kiongozi wa akina mama wa maombi, naye akaja na wenzake mapema jioni, akichechemea kwa goti bovu, kabla watu hawajaanza kujifungia. Sakafu ilikuwa mbichi, imetoka kupigwa deki, kwa hivyo wakavua viatu mlangoni.

"Tushikane mikono," akaamuru Mama Immaculate. Mkono wa kushoto akampa Nzembi, wa kulia akaubandika kwenye mabati. "Wewe roho mchafu, jitambulishe!"

Wakati huohuo Simeon akawasha televisheni.

Roho akajitambulisha. Mama Immaculate aliruka, Nzembi akaruka, na mruko ukapita kutoka mkono hadi mkono. "Moto! Moto umeshuka!" wakapaza sauti. Musimbi, aliyekuwa mwisho kabisa na hakuhisi hata mwasho, akajitupa chini naye, asije akaonekana amerukwa na baraka.

Waliondoka wakiimba. Nzembi alibaki akijisugua kiganja. Aliujua ule mng'ato. Kama ni Roho Mtakatifu, mbona alingojea habari zianze?

Kesho yake akaenda kumtafuta Khamala, fundi wa stima kutoka Bungoma, aliyekuwa akikaa bure kwa sababu kazi za mjengo zilikuwa zimesimama. Jirani mmoja akamnong'oneza pale langoni, "Utamwingizaje huyo kwako? Si wa upande wetu."

"Stima inauliza kabila?" Nzembi akajibu, akapita.

Khamala aliingia na testa, bisibisi ya kupimia stima, sikioni kama penseli. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: unamuma nani, unamwacha nani, na ni saa ngapi? Kisha akaitazama miguu ya Mutuku, iliyokuwa ndani ya akala za tairi.

"Boss, wewe umevaa mpira. Stima itakupata na nini?"

Mutuku aliona kama ametukanwa. Taratibu akaanza kuzivua.

"Simeon!" Khamala akaita. "Washa!"

Akagusisha testa kwenye mabati, kataa kake, taa ndogo ya ndani, kakawaka. "Zima!" Kakazima. "Washa!" Kakawaka. "Zima!" Kakazima.

"Haya, sasa napasua boksi. Simeon! Usiwashe!"

Katikati ya mabati na boksi, neno lilipoteza kichwa. Simeon alisikia "washe" tu, naye alikuwa mtu mtiifu.

Mutuku, aliyesikia kwamba stima imezimwa, alikuwa ameshaubandika mkono ukutani kumwonyesha fundi kwamba mwanamume haogopi mabati. Alicheza kilumi, ngoma ya kupandisha pepo, ambacho hata bibi zake kule Kitui hawakuwahi kukicheza. Mabega yalienda upande wake, magoti upande wake, na mdomo ukataja jina la mama yake mara nyingi.

"ZIMA!" Nzembi na Khamala wakapiga kelele pamoja.

Mutuku akakaa kwenye ndoo. Nzembi akamkimbilia, akamshika kifua, akaona moyo unadunda na macho yako mahali pake. Hapo kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa ambacho hakuwa nacho tangu Desemba, mpaka akalazimika kujishikilia meza.

"Sasa nazima ploti nzima," Khamala akasema akitoka nje. "Simeon simwamini tena."

Alipobandua boksi, mambo yakawa wazi. Vyumba vile viwili zamani vilikuwa kimoja, na waya wa kutoka kwenye swichi ya Simeon kwenda kwenye soketi ya televisheni ulibaki upande huu, nyuma ya boksi. Katikati ya waya ulikuwa umezama msumari, ncha yake imetoboa mpaka kwenye mabati. Juu ya msumari huo ndipo lilipokuwa likining'inia koti la kwaya la Mutuku.

"Nani alipigilia huu msumari wa inchi sita?"



"Ni wa inchi tano," Mutuku akanong'ona.

Khamala aling'oa msumari, akakata kipande kilichoumia, akavuta waya mpya ndani ya paipu upande wa Simeon. Stima iliporudi, testa haikuwaka. Nzembi alisisitiza kuwa wa kwanza kugusa. Alivua viatu, akaugusa ukuta kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, halafu akauegemea kabisa na kufumba macho.

Mama Immaculate alipoelezwa, alinyoosha mguu wake. "Sawa, ilikuwa stima," akasema. "Lakini goti langu limepona, na silirudishi."

Khamala hakuachwa aende na njaa. Nzembi alimpakulia sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda. Fundi akaikoroga kwa kijiko.

"Mama Wanza, haya mahindi nani ameyavua nguo?"

"Kula, fundi."

Akala. Akamaliza. Halafu akauliza kwa upole kama kuna ugali wa kuteremshia.