Kitanda Ndani ya Land Cruiser

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, injini ilikuwa baridi. Niliweka kiganja juu ya boneti, kisha kwenye bomba la moshi, ndipo nikamsalimia mwenye gari. Muuzaji anayepasha injini moto kabla mnunuzi hajafika huwa ana jambo analolificha. Bhupendra hakuficha lolote. Alisimama mlangoni mwa ghala lake la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, kikombe cha chai mkononi, akinitazama nikiingia chini ya gari na shati la kazini.

Lilikuwa Land Cruiser refu la mwaka 1999, la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kila Desemba kwa miaka kumi na minane, yeye na mkewe Padma walikuwa wamelitumia kwenda Marsabit, Chalbi, Turkana na kwingineko ambako lami huisha. Sasa magoti ya Padma hayakumruhusu tena kulipanda.

Nilikwenda na orodha ya mambo arobaini na moja. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu imekuwa kuingia madukani na kuwaambia watu kwamba kilo yao si kilo. Chesisi haikuwa na alama ya kuchomelewa. Namba yake ililingana na ya kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya difu, zile gia za ekseli, hayakuwa na chembe za chuma. Jani la tatu la springi ya nyuma kushoto lilikuwa na ufa, na Bhupendra aliniambia kabla sijalifikia.

Nyuma alikuwa ameng'oa viti vya kiwandani na kujenga kitanda cha mbao. Mchana kilikunjwa kikawa benchi la abiria watatu. Ukivuta ubao mmoja, kinakuwa kitanda cha watu wawili. Watoto wao walikuwa wakilala juu ya paa, kwenye hema.

Akaniuliza nitasafiri na nani. Nikamwambia: mke wangu Edinah, watoto wetu wawili, na baba.

"Basi kitanda utakitoa," alisema.

"Kwa nini? Kimefungwa kwa boliti kumi na mbili. Hakichezi hata kidogo."

Alikunywa chai yake kwanza. "Mimi nimezaliwa hapa Kisii, Bwana Haron. Nimesema tu."

Niliandika kwenye orodha: kitanda, imara.

Gari hilo nililinunua kwa sababu moja. Baba yangu, Mwalimu Alfayo Ogeto, alifundisha Turkana kuanzia mwaka 1974 hadi 1979, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga, mwendo wa saa tatu kutoka barabara kuu. Tangu arudi kijijini kwetu Kiogoro hajaenda tena. Ana presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika mwaka jana, na la kushoto lilikuwa limebakiza duara dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema huenda duara hilo lisimalize mwaka ujao. Baba aliomba jambo moja: aione ile shule na Ziwa Turkana kabla duara hilo halijafungika. Tulipanga kuondoka Jumatatu tarehe 18 Novemba, shule zikiwa zimefungwa.

Jumamosi tarehe 26 Oktoba, jua lilipotua, tuliwaacha watoto kwa dada yangu Lorna, mimi na Edinah tukalijaribu gari kule Manga, upande wa Nyamira. Lilipanda mwinuko wa huko kwa gia ya pili. Tulilala humo, tukarudi asubuhi. Sikuona kasoro.

Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa tisa alasiri, watu kumi na mmoja wa kanisa letu, linalosali Jumamosi, walikuja uani kwa baba kuliombea gari. Nyumba yangu iko hatua sitini kutoka kwa baba, katika boma hilohilo. Mzee wa kanisa, Obwocha, aliomba kwa dakika nne. Baada ya amina, Esnah, kiongozi wa akina mama, aliuliza kwa utani kama familia nzima italala kwenye usukani.

Nikafungua milango ya nyuma. Nilivuta ubao. Nilieleza upana na urefu wa kitanda, unene wa sponji, na uzito kinaoweza kubeba. Kisha nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mimi na Edinah tumelala humu kule Manga usiku mzima, na hakikulia hata mara moja."

Hakuna aliyecheka. Edinah alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu akiwa na sinia la vikombe. Baba alikuwa karibu na mlango, mkono wake ukiwa bado juu ya godoro, kwa maana alikuwa akipapasa alichokuwa haoni vizuri. Aliuondoa mkono. Akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni, haya na heshima inayokaa kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba haingii chumba cha kulala cha mwanawe. Hagusi kitanda chake. Mambo ya kitanda hayatajwi mbele yake, na mbele ya mke wa mwanawe ndiyo hayatajwi kabisa. Nayajua haya tangu utotoni. Katika miaka kumi na miwili tangu nioe, baba hajawahi kupita sebule ya nyumba yangu, nami sijawahi kuona ajabu yoyote. Ila nilikuwa nimelikagua gari kama gari. Haikunijia hata mara moja kwamba nimenunua chumba cha kulala, nikamkaribisha baba humo.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi niliona baba amekosea, nikamrekebisha.

"Tata, utakaa mbele," nilisema, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Kuna sentimita sitini kati ya kiti chako na kitanda. Na hiki ni mbao na sponji tu."

Baba aligeuka akaelekea nyumbani kwake, akipapasa ukuta wa jiko ili asipotee njia. Obwocha alimfuata. Edinah aliliweka sinia chini, akaondoka bila kumwaga chai hata tone. Wageni walimaliza vikombe vyao harakaharaka, wakasema jua limekwenda. Jua lilikuwa bado juu.

Jumanne nililipeleka gari kwa fundi Onyiego, Daraja Mbili. Aling'oa boliti zote kumi na mbili, akafunga viti vitatu vya kawaida vyenye mikanda. Mbao nilimwachia. Aliuliza kama kitanda kilikuwa na kunguni. Nilisema hapana. Alicheka, akasema basi mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwona akitupa kitanda kizima.

Jioni hiyo nilikwenda kwa baba. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba kitanda hakipo tena, viti ni vipya, na tutalala kwenye hema mbili na nyumba za wageni. Nilimwambia pia kwamba nilikosa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Uji unaletwa na mtoto siku hizi," alisema.

Mwanzoni sikumwelewa. Tangu mama afariki mwaka 2019, Edinah ndiye aliyekuwa akimpelekea baba uji wa jioni. Kila jioni alisimama mlangoni, akamsalimia, akauweka juu ya stuli, akauliza hali ya macho, akaondoka. Hakukosa hata siku moja. Tangu Jumamosi ile alikuwa akimtuma binti yetu Nyanchama.

"Huyo mke wako hawezi tena kunisalimia," baba aliendelea. "Na mimi nikisikia hatua zake uani, nakohoa ili ajue nipo, apite mbali. Siku kumi ndani ya gari moja tutakohoa mpaka lini? Siendi."

Nilirudi nyumbani nikamwuliza Edinah. Nasema nilimwuliza, ingawa nilichofanya ni kumweleza kwamba gari sasa halina tatizo, na kwamba aliyebaki ni yeye tu. Ni mwalimu wa hesabu; nilidhani ataiona mantiki. Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Esnah ameniuliza kama Manga kulikuwa na baridi," alisema. "Ameniuliza mara tatu. Sokoni, dukani, na jana akiwa ng'ambo ya barabara. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaketi chini."

Nilisema Esnah hana adabu.

"Esnah hakusema kitu. Wewe ndiye uliyesema. Umemwomba baba yako msamaha, umemlipa hadi fundi. Mimi umeniambia viti vina mikanda."

Nilimwomba msamaha papo hapo. Alisema ameusikia. Uji aliendelea kuutuma kwa Nyanchama.

Tarehe 18 Novemba ilipita gari likiwa chini ya turubai. Jumatano tarehe 20 nilimpeleka baba kliniki ya macho. Kipimo kilionyesha kwamba duara la jicho la kushoto lilikuwa limepungua kwa thuluthi tangu Agosti. Daktari aliuliza kama ile safari ya ziwani tumeshaifanya. Baba alisema gari lina hitilafu. Nilikuwa nimeketi kando yake. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumsikia akisema uongo, naye aliusema ili kunisitiri.

Nilimweleza Edinah habari za kliniki jioni hiyohiyo, zote, pamoja na uongo ule. Alisema: "Nami sitaki apofuke bila kwenda. Lakini uliwaambia watu kumi na mmoja. Waambie tena haohao, mimi nikiwepo."

Ilinichukua wiki mbili. Nilijipa sababu: ukaguzi wa mizani ya kahawa, mvua, semina ya Nakuru. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hakuna iliyonizuia. Nilichokuwa nikikiogopa ni nyuso zile. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu nikiwa na kipimo sahihi mkononi, wao wakiwa na makosa.

Jumamosi tarehe 7 Desemba, baada ya ibada, Obwocha aliwaita wale kumi na mmoja chini ya paa la mabati kando ya kanisa. Baba aliletewa kiti. Edinah alisimama na akina mama wenzake, Esnah akiwa ubavuni mwake. Nilikuwa nimeandika sentensi nne kwenye karatasi. Niliishika karatasi kwa mikono miwili. Nilisoma kwamba tarehe 9 Novemba nilitaja mbele ya baba yangu na mbele ya mke wangu jambo lisilotajwa; kwamba Edinah hakuwa na kosa lolote; kwamba baba aliponionyesha kosa langu nilimjibu; na kwamba naona aibu.

Nikaikunja karatasi. Halafu nikaanza kueleza kwamba kwa kawaida gari huhesabiwa kuwa chombo cha usafiri, na kwamba wakati wa ukaguzi...

"Haron," Obwocha alisema, "umeshasema. Usieleze."

Nilitazama viatu vyangu, kisha viatu vya watu wengine, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nao walikuwa wakitazama chini. Esnah ndiye aliyezungumza kwanza. Alimgeukia Edinah akamwambia kwa Ekegusii, polepole, kwamba ulimi wake nao umemponza, na kwamba habari za baridi ameziacha. Edinah aliitikia kwa kichwa. Baba alinyanyuka, akaomba apelekwe nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa dirishani kwangu. Edinah alitoka jikoni na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alivuka ua, akasimama mlangoni kwa baba. Sikusikia maneno, kwa sababu ya umbali. Alikaa pale kama dakika mbili. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

Asubuhi ya Jumapili baba alimtuma Nyanchama aniulize kama ile springi yenye ufa nimeibadilisha. Nilikuwa nimeibadilisha.

Jumatatu tarehe 9 Desemba, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, tuliondoka Kiogoro. Baba alikaa mbele. Edinah na watoto walikaa nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Hakuna aliyezungumza hadi Keumbu. Saa kumi na mbili na nusu tulipunguza mwendo. Malori yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili za barabara na wachuuzi walikuwa wakipanga ndizi. Baba aligeuza uso kulia, kushoto, akitafuta kwa lile duara lake.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Nilifungua mdomo, lakini Edinah alikuwa ameshamjibu.

"Ni Keroka, tata."