Maziwa ya Kifunikoni

Vita vya Mtaliano vilikuwa vimekwisha, na watu wa upande wa Hadado walikuwa wamerudi kuzungumza habari za malisho, Kaltun alipoolewa na Rage. Rage alikuwa mfugaji wa ngamia, mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mke. Mke huyo, Anab, alikuwa ameacha mtoto wa kike, jina lake Lul, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia bila kuanguka.

Kaltun hakuwa amezaa bado. Siku alipoletwa katika kibanda cha mikeka cha mumewe, alimkuta mtoto ameketi mlangoni, akitazama mbali, kule joto linakoifanya ardhi ionekane kama maji. Mikono yake ilikuwa myembamba kama miswaki. Hakulia, hakucheka, wala hakugeuka kumwangalia mgeni.

"Hataki kula," alisema Nurto, mama yake Rage. "Tangu mama yake azikwe, hataki. Lakini kwangu anakula, atake asitake."

Kesho yake asubuhi Kaltun aliona maana ya maneno hayo. Nurto alimlaza mtoto magotini, akakunja kiganja mdomoni mwake kama mfereji, akamimina maziwa ya ngamia mpaka bakuli likaisha. Lul alimeza kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Kabla jua halijapanda sana, maziwa yote yalikuwa yametapikwa mchangani.

"Tutaongeza," alisema Nurto, akimfuta mjukuu wake kwa upindo wa nguo. Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa amewahi kuzika watoto wake mwenyewe katika mwaka wa ukame, na tangu hapo kila mtoto mwembamba alimtia hofu.

Kiangazi kilipokaza, wakahama kuelekea visima vya Wajir. Walifungasha mikeka na fito juu ya ngamia, wakamweka Lul katikati ya mizigo, chini ya kivuli cha ngozi. Kaltun alitembea kando yake. Vumbi lilikuwa laini, hatua za ngamia hazikutoa sauti, na ilikuwa kana kwamba wao wamesimama na nchi ndiyo inayotembea, miti ya miiba ikipita polepole na kurudi nyuma. Kichwa cha mtoto kiliyumba pamoja na mwendo wa ngamia. Wakati mwingine macho yao yalikutana, yakakaa hivyo kwa muda mrefu.

Adhuhuri walipumzika chini ya mgunga. Wote walilala. Kaltun naye alipitiwa na usingizi, akaota mwanamke asiyemjua, ameketi kumpa mgongo, ana chombo cha maziwa mapajani. Kilikuwa chombo cha kusukwa kwa mizizi, cheusi kwa moshi, cha aina ambayo kifuniko chake hugeuzwa kikawa kikombe. Mwanamke alimimina maziwa kidogo kwenye kifuniko, akakiweka chini, akageuka kutazama ngamia. Hakumwita mtu. Alikuwa kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Kaltun alizinduka na harufu ya moshi wa chombo puani. Nurto alikuwa bado anakoroma. Kaltun alichukua chombo chao, akamimina kwenye kifuniko mafunda matatu hivi ya mtoto, akakiweka mchangani karibu na Lul. Kisha akageuka, akaanza kusuka kamba iliyokatika.

Alisikia kwanza kimya. Halafu kiganja kidogo kikigusa kifuniko. Halafu mtu anakunywa.

Hakugeuka. Vidole viliendelea na kamba. Mtoto alipomaliza, Kaltun alichukua kifuniko bila kuongeza kitu. Kivuli kilipohama upande wa pili wa shina, akaweka tena.

Tangu siku hiyo alimlisha Lul namna hiyo, kila alipopata nafasi: asubuhi maziwa, jua likipanda vipande vya nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, akivikata vidogo kama punje za mahindi. Walipofika Wajir na Rage akanunua mchele na tende dukani, Kaltun alipika wali mpaka ukalainika, akauponda na maziwa ya mbuzi, akafanya tonge moja lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Tende aliitoa kokwa, akampa nusu. Nusu ya pili aliiacha mahali ambapo Lul angeiona.

Nurto aliyaona haya, na hayakumpendeza. Kisimani, wanawake wakisubiri zamu ya maji, alisema wazi kwamba mjukuu wake anapimiwa chakula na mke mgeni. Mwanamke mmoja, Rukiyo, alimwuliza Kaltun mbele ya wote.

"Ni kweli unamnyima mtoto wa marehemu?"

"Simnyimi," alisema Kaltun. "Nampa mara nyingi."

"Kwenye kifuniko?"

"Kwenye kifuniko."

Wanawake wakatazamana. Kaltun alijaza maji yake, akaondoka huku uso ukimwaka. Alijua watu husema nini juu ya mama wa kambo.

Maneno yalimfikia Rage. Jioni hakumgombeza mkewe wala kumtetea. Alisema tu, "Kesho ngamia watapelekwa na ndugu yangu. Mimi nitakaa nyumbani."

Akakaa. Siku nzima alikuwa kivulini, tasbihi mkononi, macho yakiwa yamefumbwa nusu, kama mtu anayesinzia. Alimwona binti yake akienda kwenye kifuniko na kukiacha, akifuata mbuzi mchanga, akirudi tena. Alimwona akilamba samli vidoleni. Hewa ilitetemeka kwa joto, sauti za visimani zilikuja na kupotea, na mtoto alikwenda na kurudi katikati ya mwanga huo kama kitu kinachoelea. Alasiri Lul alikiokota kifuniko kitupu, akamletea Kaltun.

"Bado," alisema.

Rage alifumbua macho. Tangu Anab afariki, hakuwa amemsikia mtoto huyu akiomba kitu.

"Hooyo," alimwambia mama yake aliyekuwa ameketi karibu, kwa lugha ya nyumbani, "leo hajatapika."

"Na ameshiba?"

"Sijui. Lakini ameomba, na wewe umesikia."

Nurto aliinuka. Alijifunika shela, akaenda kuswali. Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe, akanyoosha mkono apewe kifuniko. Alikijaza mpaka ukingoni, kwa mazoea. Lul alikitazama, akaondoka.

"Unaona?" alisema Nurto. "Hataki."

"Ngoja kidogo, eedo," alisema Kaltun, akimwita kwa heshima kama shangazi. "Punguza, halafu tazama pengine."

"Nitazame wapi?"

"Popote. Wale ngamia pale."

Bibi alirudisha nusu chomboni. Akageuza uso. Mabega yake yalikuwa magumu, na Kaltun alifahamu kwamba kumimina hakukumshinda mzee huyu. Kungoja ndiko kulikomshinda. Walikaa hivyo, wanawake wawili wakitazama ngamia ambao hawakuwa wakifanya chochote. Mtoto alipokuja kunywa, machozi yalimtoka Nurto, na hakuyafuta asije akamshtua.

Mvua ziliponyesha wakarudi upande wa Hadado. Nchi ilikuwa kijani, mashavu ya Lul yalikuwa yamejaa, na alikuwa akikimbia kutoka mlango wa Kaltun hadi mlango wa bibi yake akidai chakula kote kuwili. Kaltun hakuitwa mama. Lul alimwita kwa jina lake tu, hata alipokuwa mkubwa, na wanawake wengine waliona ni kukosa adabu. Kaltun hakumkataza.

Nurto naye alikuwa na tende alizoficha kwenye pindo la nguo, na alimpa mjukuu wake moja baada ya nyingine wakiwa nyuma ya kibanda. Kaltun aliwaona. Akapunguza tonge la mchana, ili tende zipate nafasi.