Tivii ya Tisa

Injinia hakuwa injinia. Hilo tulimalize mapema, tusije tukadanganyana. Jina alijipachika mwenyewe siku dada yake alipofungua ukumbi wa kuonyeshea mpira na kumkabidhi funguo, na tangu hapo akawa anatembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Bisibisi yenyewe sijawahi kuiona ikigusa skrubu. Nimeiona ikichokonoa meno.

Mimi ni wa kaunta, nauza soda na chai, na ukumbini hakuna neno linalopita bila kunisalimia. Ndiyo maana haya nayajua tangu mwanzo hadi mwisho.

Fundi aliletwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Binti mwenye mikono ya kazi na maneno ya kuhesabu. Mama Mwenye Ukumbi, dada yake Injinia, alimwambia nikiwa nasikia: "Mwanangu, fainali ikionekana vizuri, barua yako ya ajira ninayo mkobani. Isipoonekana, tutaagana kwa heri." Injinia akakunja uso. Nafasi ile alishamwahidi mwenzake wa kucheza karata, mtu ambaye hata balbu huibadilisha akiwa amefumba macho kwa woga.

Kazi ilikuwa hivi: king'amuzi kimoja, kiboksi cha kugawa picha chenye matundu kumi na sita, na tivii za kutundika ukumbi mzima.

"Matundu kumi na sita, tivii kumi na sita," Injinia akasema. "Hata mtoto wa chekechea hiyo hesabu anaiweza."

"Matundu ni ya kiboksi, bosi," Fundi akamjibu. "Mwenye uamuzi ni king'amuzi. Picha ya mpira ina kufuli, isiibiwe. Kila tivii ikiungwa, king'amuzi kinaiuliza wewe nani, halafu kinaiandika kwenye orodha. Orodha ikijaa, imejaa. Tujaribu kwanza, tujue inachukua ngapi."

Injinia akaangua kicheko cha kuonyesha magego. Akaleta kompyuta yake, akachomeka flashi, akaunga tivii zote kumi na sita. Zikawaka! Zote zikaonyesha video ya siku yake ya kuzaliwa. Akina Injinia kumi na sita wakikata keki, kila mmoja na kitambi chake. Jamani, kimoja tu kilikuwa kinatutosha.

"Umeona?" akasema, mikono kiunoni.

"Hiyo haina kufuli, bosi," Fundi akasema taratibu. "Nani ataiiba?"

Nilicheka mpaka chai ikaniunguza vidole. Mtu anajaribu kufuli kwa kupita mlango uliokuwa wazi, halafu anataka kupigiwa makofi!

Kesho yake asubuhi Fundi akafanya jaribio la kweli, kwa king'amuzi chenyewe na chaneli yenyewe ya mpira. Akaunga ya kwanza, akasubiri, akazima, akawasha. Akaunga ya pili. Mimi nilikuwa namhesabia kwa sauti huku napanga vikombe. Mpaka ya nane, picha safi kama maji. Akachomeka ya tisa, ukumbi mzima ukawa giza. Si ya tisa peke yake, ni zote! Akaichomoa, nane zikarudi. Akabadilisha tivii, akabadilisha waya, akabadilisha tundu. Tisa ni giza. Akaizima ile ya tisa kwa rimoti, waya ukiwa bado umechomekwa. Giza vilevile.

Akatundika nane. Juu ya kiboksi akabandika karatasi ya kalamu nene: NANE. USIONGEZE.

Injinia akaisoma, akasonya. "Mafundi wa siku hizi, woga mtupu."

Siku ya fainali ukumbi ulifurika alasiri ile mpaka watu wakakalia kreti zangu za soda. Raha iliyoje! Mashemeji, majirani, wagomvi wa jana, wote bega kwa bega. Kipindi cha kwanza kikaenda bila mkwaruzo. Injinia tulimwona akinyanyuka na sahani ya kuku, akisema kelele za wahuni zinamkera, ana mafaili ofisini.

Kipindi cha pili, refa akaonyesha penalti. Mpigaji akaweka mpira. Akarudi nyuma hatua tatu.

Giza. Tivii zote nane.

Makelele yale sijui niyaelezeje. Injinia akachomoka ofisini, mdomo unang'aa mafuta. "Si nilisema? Dada, si nilikwambia? Huyu binti ni bure kabisa! Leo leo aondoke!"

Mama akamgeukia Fundi. "Kulikoni, mwanangu?" Mkono wake ulikuwa juu ya mkoba, ameubana.

Fundi akaenda kwenye kiboksi, akapitisha kidole juu ya nyaya. "Moja, mbili..." Tukahesabu naye, ukumbi mzima. "...saba, nane..." Kidole kikagusa waya mmoja zaidi. "Tisa."

Waya mweupe, mpya, umepenyezwa nyuma ya pazia. Akaufuata. Nasi tukamfuata, watu wote wale, mpaka mlango wa ofisi.

"Humo kuna nyaraka!" Injinia akajibandika mlangoni.

"Pisha, we mtoto wa mama," dada yake akasema. Akapisha.

Nyaraka zenyewe: kiti cha kuegemea, mifupa ya kuku, na tivii mpya ukutani, nyeusi tii. Bwana mkubwa alikuwa ameichomeka dakika ile ile, penalti aione peke yake.

"Lakini nimeizima!" akaropoka. "Ilipoleta giza nikaizima papo hapo kwa rimoti!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kuzima si kuchomoa, bosi," Fundi akasema, akachomoa.

Kule ukumbini nane zikarudi. Wachezaji walikuwa tayari wanakumbatiana. Goli limeingia na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, Injinia akiwemo.

Mama akafungua mkoba pale pale mlangoni, akatoa barua, akaisaini kwa kuiegemeza kwenye mgongo wa mdogo wake. Kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati la Injinia, akaichukua bisibisi, akamkabidhi Fundi.

Fundi akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaomba kitambaa changu cha kaunta, akaifuta kwanza.