Andati na Wenzake

Nakuambia hii na najua utasema nimetunga. Sawa. Toa simu yako, tafuta "Andati, 1996, watoto na malaria." Umeona? Watafiti zaidi ya elfu moja, wengine kutoka nchi hata siwezi kutamka, wametaja hiyo kazi. Andati na wenzake walionyesha hivi, Andati na wenzake waligundua vile. Sasa sikiza. Huyo Andati hakuwa daktari. Alikuwa na bucha Soko la Burma. Mwenye aliumiza kichwa ni auntie yangu, Wanza Nzivo, na yeye ndiye "wenzake."

Auntie alikuwa msomi wa vinasaba na kinga ya mwili, lakini bado anaishi mtaa wa Mbotela hapa Nairobi, kwa nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, ya babake. Akaona kitu. Kila Desemba shule zikifungwa, watoto wa majirani wanapelekwa ushago, kijijini kwao huko magharibi. Wakirudi, nusu wamelala na malaria, nusu wako tu nje wanacheza bano, zile gololi. Kwa nini? Akawatoa damu kabla waende. Ikabaki kuwatoa tena wakirudi, haraka, kabla damu isahau kile imeona. Bila hiyo damu ya pili hakuna kazi. Na bila hiyo kazi hakuna cheo, maana chuo kikuu unapimwa na vile wengine wanakutaja.

Kosa lake lilikuwa furaha. Kijarida cha chuo kilikuwa kimechapisha kipande kifupi kuhusu ile damu ya kwanza, akaleta awasomee wazazi baada ya ibada.

"Soma majina," akasema Andati, maana mtoto wake Mulama pia alikuwa ametolewa damu.

"Majina gani, Baba Mulama?"

"Ya wenye walitoa. Kwa harambee hata ukitoa kuku unasomwa. Sisi tumetoa damu."

Auntie akasoma mstari wa mwisho: "Tunawashukuru wakazi wa mtaa mmoja wa Nairobi."

"Mtaa mmoja!" Huyo ni Amolo, jirani wa mlango wa pili. "Kwani Mbotela haina jina? Na Whitney wangu mlimdunga akalia siku nzima, ako wapi hapo?"

"Ni siri, Mama Whitney. Majina ya wagonjwa hayaandikwi. Yeye ni namba kumi na nne."

Wee! Heri angenyamaza.

"Namba? Kwani mtoto wangu ako jela?"

Januari ikafika, watoto wakarudi. Auntie akazunguka na sindano zake, kila mlango ni "mtoto amelala." Saa nne asubuhi mtoto amelala! Na unamsikia huko ndani anaimba. Akaenda Burma kuchukua barafu, maana ile ya kubebea damu ilikuwa inatoka kwa friji ya Andati tangu mwanzo.

"Barafu imeisha," Andati akasema, na friji inanguruma nyuma yake.

"Baba Mulama, tafadhali. Wiki ijayo hii damu haina maana."

"Msichana wetu, mimi si mtu mgumu. Watoto weka siri, sawa. Lakini kwa hiyo karatasi yako mmoja wetu asimame mbele. Kwa harambee mgeni wa heshima anatajwa kwanza, halafu nyinyi wengine."

"Kwetu chuoni, jina la kwanza ndilo la mwenye kazi!"

"Na bila barafu iko kazi?"

"Wacha nikuweke wa mwisho. Wa mwisho ni mkubwa, hata profesa wangu hukaa hapo."

"Mwisho wanakaa wenye walichelewa."

Auntie akamwangalia. Akaangalia friji. Akajiambia, nani atasoma hii karatasi, watu kumi? Akakubali. Kufika jioni wamama wamepanga laini na watoto mgongoni, Mama Whitney mbele kabisa.

Karatasi ikatoka. Ikatajwa. Ikatajwa tena. Mwaka wa tisini na tisa Auntie akaenda kuomba cheo, mbele ya wazee watatu wa miwani.

"Nzivo," mwenyekiti akasema, "wewe hutajwi. Sasa ona huyu Andati. Hata mimi nimemtaja."

"Hiyo ya Andati ni yangu!"

"Imeandikwa Andati."

"Andati ana bucha!"

"Daktari, wivu hausaidii."

Auntie karibu apasuke. Akakimbia mpaka Burma, akamweleza yote. Na Andati, mungu wangu, hakusita. Akavua aproni ya damu. "Nitakuja mimi mwenyewe niwaambie ukweli." Akapitia Gikomba kwa mitumba, akanunua koti, mabega mapana kama kabati, wakaenda.

Kuingia tu, wazee wote watatu wakasimama. Mwenyekiti akamshika na mikono miwili. "Profesa Andati! Kumbe uko hapa hapa nyumbani!"

"Mimi ni mtu wa nyama tu," Andati akasema.

Wakacheka. Wakadhani ni unyenyekevu.

Andati akakohoa, akasimama vile watu husimama kwa harambee. "Asanteni. Kwanza, hii kazi hatukuifanya peke yetu. Huyu msichana alitusaidia sana. Alikuja kila nyumba, alidunga vizuri, hakuchoka. Bila yeye hatungefika hapa. Naomba mumpigie makofi."

Wakampigia.

Sasa wewe fikiria. Makofi yanalia, cheo kinatoka kwa mlango, na Andati anakugeukia na roho safi kabisa, anatabasamu, anaamini amekuokoa. Barafu yake ndiyo ilibeba hiyo damu. Unamkatiza hapo mbele ya wazee, na hilo koti lake jipya? Ama unapiga makofi na wewe?

Auntie alipiga. Mpaka leo nikimuuliza kwa nini anafunga mlango wa jikoni. Wewe ungefanya nini?